Siti moja, abiria wangapi? Tunavyopanga programu ya kubuki tiketi za treni

Wateja wengi wakija kwetu wanataka programu ya kubuki tiketi za treni wanaanza na muonekano, batani ikae wapi, rangi iwe gani, picha ya treni hapo juu. Hayo yote yanafanyika wala hayasumbui. Kinachoamua kama sistimu itadumu au italeta ugomvi kwenye behewa wiki ya kwanza tu ni hili swali: ukisema siti imejaa, una maana gani?

Kwenye mazoezi mengi ya wanaojifunza kuandika programu utakuta klasi (yaani ramani ya kitu ndani ya programu) inaitwa Siti, ndani yake kuna ndiyo au hapana, mtu akilipa inageuzwa kuwa ndiyo, basi imeisha hiyo. Kwa ukumbi wa sinema inatosha kabisa, maana wote wanaingia na kutoka pamoja. Ila treni inasimama njiani, huyu anashuka yule anapanda.

Chukua treni inayopita stesheni tano, tuzipe namba 1 mpaka 5. Abiria kabuki siti ya 14 kutoka stesheni ya 1 mpaka ya 3. Akishashuka siti iko wazi mpaka mwisho wa safari, lakini programu bado inasema imejaa, kwa hiyo mtu anayetaka kutoka 3 kwenda 5 anaambiwa nafasi hakuna na treni inaondoka na siti tupu ambayo ilikuwa na mnunuzi. Hiyo ni hela yako inapotea kila siku na hakuna ripoti itakayokuonyesha.

Sisi tunapanga hivi. Siti inajua namba yake na behewa lake tu. Safari ni treni fulani ya tarehe fulani ikiwa na stesheni zake kwa mpangilio, kwa hiyo treni hiyo hiyo ya kesho ni obijekti nyingine, yaani kitu kingine kilichotengenezwa kutoka klasi hiyo hiyo. Halafu kuna Buking, na hii ndo inabeba mzigo wote: abiria nani, siti ipi, safari ipi, anapanda wapi anashuka wapi. Hakuna mahali tunaandika siti imejaa, tunaiuliza Safari kama kuna buking inayogongana na hii mpya, na swali lenyewe ni mstari mmoja:

mpya.kupanda < zamani.kushuka && zamani.kupanda < mpya.kushuka (hiyo && maana yake "na")

Jaribu na mtu wetu wa 3 kwenda 5. Je 3 ni ndogo kuliko 3? Hapana, hazigongani, muuzie. Akija wa 2 kwenda 4, 2 ni ndogo kuliko 3 na 1 ni ndogo kuliko 4, zinagongana, mtafutie siti nyingine. Ukikosea ukaweka alama ya "ndogo au sawa na" tayari umerudi kwenye siti tupu, ndo maana huu mstari tunautesti kuliko kitu kingine chochote.

Kitu cha pili ni watu wawili kubonyeza siti moja kwa wakati mmoja. Programu inamcheki wa kwanza inaona iko wazi, kabla haijaandika inamcheki wa pili nayo inaona iko wazi, wote wanapata tiketi. Kwenye Java, moja ya lugha za kuandikia programu, wengi wanaweka synchronized, neno la kuzuia kazi mbili zisiingie sehemu moja kwa pamoja, wanaona wamemaliza, lakini hiyo inalinda ndani ya programu moja inayorun, siku ukiwa na seva mbili haikusaidii, kufunga kunatakiwa kufanyike kwenye databesi, kucheki na kuandika viwe transaksheni moja, yaani vifanyike vyote kwa pamoja au kisifanyike hata kimoja. Na anayelipa tunamshikilia siti kwa dakika chache, Buking inakuwa na hali yake, imeshikiliwa, imelipiwa, imekanseliwa, muda ukiisha hajalipa siti inarudi sokoni yenyewe. Hatufuti buking hata iliyokanseliwa, maana siku mteja akidai hela yake utahitaji kuona nini kilitokea.

Mambo haya siyo mageni, shirika la reli la taifa la Japani lilikuwa linabuki siti kwa mashine ya MARS-1 mwaka 1960, wakati Simula 67, inayohesabika kuwa lugha ya kwanza ya programu inayotumia klasi na obijekti, ilikuwa bado haijazaliwa.

Kuhusu nauli, tunaomba sana msitulazimishe kutengeneza klasi za TiketiYaMtoto, TiketiYaMwanafunzi, TiketiYaDarajaLaKwanza zote zinarithi Tiketi, yaani zinachukua yaliyomo kwenye klasi ya Tiketi na kuongeza yao. Mtoto akipanda daraja la kwanza tiketi yake inarithi klasi ipi? Tiketi inabaki moja, sheria za nauli zinakaa kwenye obijekti zake, ukibadilisha punguzo hugusi kitu kingine. Na hela haziwekwi kwenye namba za desimali za kawaida, 0.1 kujumlisha 0.2 kwenye Java au Python inakupa 0.30000000000000004, tunatumia BigDecimal, aina ya namba ya Java inayotunza desimali kamili, au namba nzima basi.

Kwa hiyo ukija kuongea na sisi, rangi ziache kwanza. Njoo na orodha ya stesheni kwa mpangilio, siti ngapi kila behewa, unampa mtu dakika ngapi za kulipa, na akikanseli saa chache kabla ya treni kuondoka unamrudishia kiasi gani. Hilo la mwisho kaeni mlijadili ofisini kabisa kabla hatujaanza, maana ndo linabadilika sana katikati ya kazi.