Kwa nini tunatoza ufundi kwa kibodi ambayo vipande vyake umenunua mwenyewe

Wiki hii mteja mwingine ametuambia tumemwibia. Alikuwa ameagiza kila kitu mwenyewe: kasha, bodi, swichi (kipande kilicho chini ya kila kitufe), stabilaiza (vishikizi vya waya vinavyozuia vitufe virefu visiyumbe) na kofia za vitufe. Kwake, kazi iliyobaki ilikuwa kuchomeka tu, na kuchomeka hakuwezi kugharimu shilingi 3,050. Hapa dukani Malindi neno hili tumelisikia sana, basi acha tulijibu waziwazi.

Tunatoza shilingi 50 kwa swichi, na kibodi ndogo ina vitufe 61. Kwa shilingi hizo hamsini, swichi inafunguliwa, springi inatolewa, kishina (kipande cha ndani kinachoshuka ukibonyeza) kinapakwa grisi kwa brashi nyembamba, inafungwa, kisha inabonyezwa karibu na sikio. Grisi ikizidi, kitufe kinarudi kivivu. Swichi za kahawia hatuzipaki kwenye miguu ya kishina, maana ukipaka hapo, kile kigongo unachokisikia kidoleni kinapotea, nawe ndicho ulichokinunua.

Stabilaiza ndizo hasa zinazokula muda. Kibodi ya vitufe 61 kwa kawaida ina tano: chini ya kitufe cha nafasi, Enter, Backspace na Shift mbili. Waya wake tunaulaza juu ya kioo, ukicheza, tunaunyoosha. Zile za skrubu hufungwa kwenye bodi kabla ya swichi yoyote. Ukiziruka kwa haraka, kitufe cha nafasi kitagongagonga, na kukitengeneza ni kung'oa swichi zote na kuanza upya.

Wengi hununua bodi za soketi, yaani zenye vishimo vya kuchomekea swichi, ili wasilehemu. Ni sawa, ila hasara nyingi tunazoletewa zinatoka hapo. Kila swichi ina pini mbili nyembamba za chuma. Ikikataa kuingia, mtu anaikandamiza kwa dole gumba. Pini inajikunja kama mguu wa panzi, au inaisukuma soketi nyuma mpaka ibanduke pamoja na shaba ya bodi. Kijana mmoja anayefanya kazi ya kunukuu sauti mtandaoni alituletea kibodi isiyoandika A. Alikuwa amebadilisha swichi mara kadhaa akidhani ni mbovu. Tulipoigeuza bodi, soketi ilikuwa inaning'inia upande mmoja. Tulivuta waya mwembamba hadi kwenye dayodi (kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya kitufe hicho, na sasa kinaandika. Lakini angeiegemeza soketi kwa kidole upande wa nyuma wakati anachomeka, na kuzinyoosha pini kwanza kwa kibano, asingetuhitaji.

Mafuta ya cherehani, ambayo watu huyatumia badala ya grisi, nayo yanatuchosha. Ni mepesi mno, yanateremka hadi kwenye mguso wa ndani na kunasa vumbi. Kitufe kinaandika herufi mara mbili au kinanyamaza kabisa. Mhasibu mmoja alizidondoshea swichi zote bila kuzitoa kwenye bodi. Tulizing'oa, tukazifungua, tukaziosha kwa spiriti, tukazipaka grisi upya. Alilipa zaidi ya ile gharama aliyoikimbia, na hilo si kosa la bei yetu.

Jambo moja kwa sisi wa pwani: sahani ya chuma inayoshikilia swichi, isiyopakwa rangi, huliwa na chumvi ya hewa. Chagua alumini au shaba nyeupe isiyoshika kutu.

Kama bado unataka kujijengea nyumbani, tunakuunga mkono. Ila kabla hujachomeka hata swichi moja, unganisha bodi na kompyuta, fungua programu ya kujaribu vitufe, kisha gusisha ncha mbili za kibano kwenye soketi moja baada ya nyingine. Herufi isipotokea, bodi imekuja na kasoro, na muuzaji hawezi kusema umeiharibu wewe. Ukipenda, ilete dukani tukupimie mbele yako. Kupima hatutozi.