Mpira wa trela usiununue kwa kuangalia meno tu

Ndugu mhariri, assalamu alaykum. Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu hii mipira tunayofunga kwenye trela za boti, maana kila nikipita njia ya Nungwi naona trela imelalia upande mmoja na roho inanidunda.

Mie kazi yangu kuvuta boti, nazitoa pwani napeleka mjini kwa mafundi na kuzirudisha. Mwaka jana tunapita Kinyasini na boti ya faiba na mashine zake mbili, mpira wa nyuma kushoto ukapasuka, hatujasimama vizuri na wa mbele yake nao ukaenda, kwa sababu trela ya ekseli mbili mmoja ukiondoka mzigo wa upande ule wote unabebwa na uliobaki. Nyuma yetu alikuwepo kijana wa bodaboda kapakia mama na mtoto, kipande cha mpira kikapita ubavuni mwao hivi. Hawakuumia alhamdulillahi, lakini mpaka leo nikifumba macho nawaona.

Mipira ile nlinunua mitumba, meno mazima, hata vile vinywele vya kiwandani vipo. Jioni ile ndio nikawasha tochi ya simu nikasoma ubavuni, penye herufi DOT mwisho wake kuna namba nne, ilikuwa 0813, yaani wiki ya 8 ya mwaka 2013. Trela inakaa uwanjani juani miezi, meno hayaliki lakini mpira unazeeka vilevile, na ukiutazama karibu ubavu una mipasuko kama magaga.

Halafu uzito. Ile ilikuwa mipira ya gari ndogo, 185/70R14, namba ya mzigo 88 ambayo ni kilo 560. Mara nne ni kilo 2,240, na trela na boti yake inafika 2,400! Sasa nimefunga 195R14C yenye namba 106, kilo 950 kila mmoja, rimu zilezile za 14. Bei iliniuma, sijuti.

Na upepo jamani. Fundi wa pancha anakujazia PSI 30 kwa mazoea wakati hii yangu imeandikwa PSI 65, na mpira wenye upepo mdogo unajikunja kila ukizunguka, unapata moto, ndio unapasuka. Pima asubuhi kabla hujaondoka, usiupunguze njiani kisa umepata moto. Sisi tunaotumbukiza trela baharini tuoshe na rimu kwa maji ya mfereji, kutu ikila ukingo upepo unavuja kidogo kidogo wala hujui.

Wanaokagua gari barabarani nawaomba wainame wasome na mipira ya trela, isiwe leseni na bima tu. Na nyie wauzaji, mtu akija kutaka mpira wa trela muulizeni inabeba kilo ngapi. Alieniuzia mie hakuniuliza, na mie sikumwambia.

Mvuta boti,
Mkokotoni, Unguja