Saruji ya ukingo wa paa isizibwe juu juu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Huku Moshi nyumba za zamani zenye vigae bado zipo, na ile saruji ya ukingoni, pale kigae kinapoishia juu ya ukuta wa pembeni, inamong'onyoka, ukiikwaruza na kucha inatoka unga. Sasa mafundi wengine wanakuja na kindoo chao wanapaka mpya juu ya mbovu, wanachukua hela wanasepa, masika ikianza mwezi wa tatu maji yanapita kwa nyuma yanalowesha mbao na kipande kinadondoka chote, omba tu asiwepo mtu chini.

Mimi naona bora kubandua yote iliyolegea, kupiga brashi vumbi litoke, kulowesha kigae, ndo uweke mpya: saruji 1 kwa mchanga 3, mchanga uwe umechekechwa na usiwe na udongo. Wanaozidisha saruji eti ndo uimara wanajidanganya, ikikauka inasinyaa inapasuka. Jua likiwaka sana funika na gunia lililoloweshwa.

Ila kama vigae vyenyewe vinacheza, achana na saruji, piga bati la kukunja pale ukingoni, halipendezi kivile lakini paa likitanuka na joto halipasuki. Na ngazi ifungwe jamani.

Msomaji wenu, Moshi