Walezi wa watoto nao wafundishwe kazi

Mhariri,

Kijana anayetaka kuwa fundi umeme anajua pa kwenda: chuo cha ufundi stadi cha VETA, kisha mazoezi chini ya fundi mzoefu. Anayetaka kulea watoto wadogo huambiwa, hasa akiwa msichana, kwamba kazi hiyo haina shule. Tangu Desemba 2021 tunayo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowahusu watoto hadi miaka 8. Hata hivyo, katika kituo kimoja cha kulelea watoto mchana nilimkuta mlezi akimnywesha mtoto uji huku amemlaza chali, asijue kwamba angeweza kupaliwa. Mafunzo ya muda mfupi, yenye vitendo vituoni, yaanzishwe wilayani, na wavulana wasiachwe nje.

Mzazi, Morogoro