Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Ya fedha ataeleza mweka hazina, na taa za barabarani mnaziona zinawaka, kwa hiyo naziruka. Mwaka huu kamati imeshughulika zaidi na jambo moja: wenzetu wanaolala chini ya daraja na kwenye baraza za maduka, wengi wao waraibu wa dawa za kulevya, na namna jiji lilivyowashughulikia.

Jiji lilianza na operesheni. Magari yalikuja alfajiri, magodoro yakapakiwa, mtaa ukafagiliwa, na simu za pongezi zikamiminika kwa kamati. Haikuchukua muda watu walewale wakaonekana nyuma ya shule, na malalamiko yakahamia huko. Kijana mmoja anayeosha magari alipoteza katika msako ule begi lenye kitambulisho na kadi ya kliniki. Methadoni yake, dawa ya tiba inayoshika nafasi ya heroini, huinywa kila siku mbele ya muuguzi, na bila kadi hakupewa dozi. Arosto, yale mateso ya mwili uliokosa dawa, haimsubiri mtu afuatilie karatasi. Akarudia unga kabla kadi mpya haijatoka. Hasara ya namna hii sijaiona katika taarifa yoyote ya jiji.

Wanaosema "wafukuzwe tu, basi" naomba waiangalie Zurich, Uswisi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu walijidunga hadharani katika bustani ya Platzspitz, karibu na stesheni kuu. Ilifungwa mwaka 1992, wakahamia Letten, kituo cha reli kilichoachwa, si mbali na hapo. Letten nayo ilifungwa mwaka 1995, ila safari hii palikuwa na pa kuwapokea: methadoni ilipatikana kwa urahisi zaidi, na tangu 1994 walioshindwa na tiba nyingine walianza kupewa heroini chini ya uangalizi wa daktari. Polisi hawakuondolewa. Sera ya Uswisi ilisimama juu ya kinga, tiba, kupunguza madhara na udhibiti kwa pamoja. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaosikia nikisema "tiba" wakadhani nawatetea wauzaji.

Baadaye jiji lilileta wauguzi wa kuzunguka jioni, nao wakaendesha ukumbini kwetu mafunzo ya naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini. Waliohudhuria wengi ni wenye maduka, na sishangai, maana ndio wanaowakuta watu asubuhi. Tulifundishwa dalili: midomo inageuka bluu, pumzi zinakuwa za shida kama mkoromo, ukimwita haitiki. Piga simu ya dharura, mpulizie dawa puani, msaidie kupumua, akianza kupumua mwenyewe mlaze ubavu. Na usimwache, kwa sababu naloksoni inaweza kuisha nguvu wakati heroini bado imo mwilini. Aliyetoka gerezani karibuni yumo hatarini zaidi: mwili umeshapoteza mazoea, naye anarudia kipimo chake cha zamani.

Kilichobaki kigumu ni makazi. Bweni la jiji hufungua jioni na kuwatoa watu asubuhi, kisha tunashangaa kuwaona barazani mchana kutwa. Ufini, kwa mpango wa taifa ulioanza mwaka 2008, waligeuza utaratibu: mtu anapewa kwanza chumba chenye mkataba wa upangaji, matibabu yanafuata akiwa na mlango wa kufunga. Mabweni kadhaa yaligeuzwa kuwa nyumba za kupanga.

Jiji sasa linapendekeza kuligeuza jengo la ofisi lililo tupu mtaani kwetu kuwa vyumba vya namna hiyo. Barua za kupinga nimezisoma zote. Hofu ya kelele usiku ina msingi, na ya sindano kutupwa ovyo pia. Ile ya kwamba "tutaletewa waraibu" siielewi, maana wako hapa tayari, na baadhi yao wamezaliwa mtaa huu.

Kamati inawaombeni tuunge mkono kwa masharti: wahudumu wawepo usiku kucha, masanduku ya sindano zilizotumika yawekwe na kumwagwa kila siku, wauguzi wasiondolewe, na kusiwe na msako mwingine bila taarifa kwao, ili dawa na nyaraka za watu zisipotee tena.

Kura ni ya siri. Karatasi anazo katibu; watakaopiga ni waliokamilisha ada ya mwaka.