Kibao cha 50 kiombwe kwa hesabu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna halmashauri zetu zinavyoweza kuomba kikomo cha mwendo wa magari kibadilishwe kwenye barabara zinazopita vijijini.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara kuu ya Chalinze–Segera. Kibao cha 50 kilichomekwa pale nyumba zilipokuwa zikianzia zamani, lakini makazi yamesogea, na shule ya msingi sasa iko kama mita mia nne nje yake. Kila asubuhi kabla ya saa moja, mwalimu wa zamu husimama ukingoni mwa lami na bendera nyekundu, watoto wa darasa la kwanza wameshikana mikono nyuma yake, na basi likipita sare zao hupepea kama nguo kambani. Dereva hajavunja sheria, kwa sababu hajakifikia kibao, na nje ya makazi basi linaruhusiwa kwenda hadi kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo, nguvu ya kugonga inazidi mara mbili na nusu ile ya gari hilo hilo likiwa kwenye 50.

Halmashauri haina mamlaka ya kuhamisha kibao hicho, kwa kuwa barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, na za wilaya ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu mwaka 2017. Hata hivyo, Baraza la Madiwani linaweza kupitisha azimio na kulifikisha kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambako Mkuu wa Mkoa ndiye mwenyekiti, na wabunge na wenyeviti wa halmashauri huketi pamoja na wahandisi. Azimio hilo liambatane na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, idadi ya wanaovuka kwa kila saa, kumbukumbu za ajali kutoka kituo cha polisi, na kipimo kinachoonyesha shule ilipo. Barua inayosema tu kwamba wananchi wanalalamika haimpi mhandisi cha kufanyia kazi.

Aidha, tuwe wakweli kwa madereva. Kama kuna kipande cha barabara chenye kikomo cha 50 kisicho na nyumba wala kivuko, halmashauri iombe pia kikomo hicho kiondolewe, maana kibao kisicho na sababu humzoesha dereva kupuuza na chenye sababu, akabaki kuogopa tochi ya trafiki ya kupimia mwendo tu. Na pale shuleni, kibao peke yake hakitatosha. Kiende pamoja na rasharasha, yaani vituta vidogo vidogo vya kumshtua dereva, na alama za pundamilia.

Sisi wazazi tumekwisha kuanza. Tangu Jumatatu wawili wetu hukaa kwa zamu chini ya mwembe wa shule na daftari, wakiandika kila anayevuka na saa aliyovuka, na mwisho wa mwezi daftari hilo tutamkabidhi diwani wetu.

Mjumbe wa kamati ya shule,
Mkoa wa Tanga