Mjomba, timu yangu ya London ni hii

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumai hamjambo nyote hapo Tanga, na kwamba mguu wa Bibi umepata nafuu tangu abadilishiwe dawa. Mimi huku mzima, kazi zinaendelea, baridi ndiyo imeanza.

Mama anasema kila nikipiga simu unamtuma aniulize: Arsenal au Chelsea? Jibu langu refu kidogo, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Timu yangu ni Dulwich Hamlet. Najua hujapata kuisikia. Iko kusini mwa London, jezi zake ni pinki na bluu iliyokoza, na wamo kwenye Ligi ya Isthmian, ambayo ukihesabu kutoka Ligi Kuu ni daraja la saba. Wachezaji wengi wana kazi zao nyingine, na mazoezi ni usiku baada ya kazi. Uwanja unaitwa Champion Hill. Ukishuka kituo cha treni cha East Dulwich unatembea dakika chache tu, unapita duka kubwa la vyakula, umefika getini. Ndani unasimama kwenye reli nyuma ya goli, karibu kiasi cha kumsikia golikipa akiwapanga mabeki wake. Mapumziko yakifika, mashabiki wanahama na ngoma na mabendera kwenda upande wa pili, ili kipindi cha pili wawe tena nyuma ya goli wanaloshambulia. Wazee, wanafunzi, kina mama na watoto migongoni, wote wanahama. Hapo ndipo roho yangu ilipokaa, Mjomba. Nilipata raha niliyokuwa nikiipata nikienda nawe kuwatazama Coastal Union.

Klabu ilianza mwaka 1893. Vijana waliosoma shule ya mtaa iitwayo Dulwich Hamlet walimfuata bwana mmoja, Lorraine Wilson, wakamwomba awasimamie waunde timu. Akakubali, na akawa nao hadi alipofariki mwaka 1924. Watu walimwita Pa Wilson, maana alikuwa baba wa wote. Chini yake waliingia Ligi ya Isthmian mwaka 1907, na mwaka 1920 wakachukua ubingwa wa ligi na Kombe la FA la timu za ridhaa, yaani wasiolipwa, msimu mmoja. Kombe hilo wakalibeba tena 1932, 1934 na 1937. Fainali ya 1932 waliifunga Marine mabao 7 kwa 1!

Lakini mtu niliyetaka hasa kukusimulia ni Hussein Hegazi. Ni Mmisri, Mwafrika mwenzetu, aliyekuja London kusoma mwaka 1911. Alikuwa mshambuliaji, fundi wa mpira, na Pa Wilson akampa namba Dulwich Hamlet. Habari zake zikaenea haraka, na Novemba mwaka ule ule Fulham, klabu ya wachezaji wa kulipwa, wakamchezesha dhidi ya Stockport County. Akafunga bao, Fulham wakashinda. Kesho yake kila mtu angedhani amekwishapata njia. Fulham walimtaka tena, lakini Pa Wilson akamwendea nyumbani kwake wakazungumza. Hegazi akaamua kubaki Dulwich. Alieleza kuwa alitamani sana kucheza katika ligi kubwa, ila watu wa Dulwich walikuwa wamemtendea wema mno, na hakutaka kuwaacha.

Fikiria, Mjomba. Mwaka 1911 Misri iko chini ya Waingereza, sisi tuko chini ya Wajerumani, na kijana wa Kiafrika yuko London anapendwa na mtaa mzima kwa mpira wake, hata anakataa timu kubwa kwa ajili yao. Nilipoisoma habari hii nililala nimechelewa. Huku kuna siku mtu unajiona umepita tu, hukuhesabiwa. Tangu nimjue Hegazi, nikisimama pale kwenye reli najua kuna mtu wa bara letu alishavaa jezi hii kabla hata babu hajazaliwa. Baadaye alirudi Misri, akawa nyota mkubwa kwao, akachezea Al Ahly na Zamalek pia, na akaiwakilisha Misri kwenye Olimpiki za 1920 na 1924. Cairo kuna barabara yenye jina lake.

Edgar Kail naye alikuwa wa namna hiyo. Mzaliwa wa mtaa huo huo, alifunga mabao zaidi ya 400 kwa Dulwich, akazikataa klabu za kulipwa. Mwaka 1929 aliitwa timu ya taifa ya Uingereza akiwa bado mchezaji wa ridhaa, na mechi yake ya kwanza, dhidi ya Ufaransa, akatia mawili. Njia ya kuingilia uwanjani imepewa jina lake, na mashabiki ambao hawakumwona hata siku moja wanamwimba hadi leo.

Sasa ije habari ya ardhi, ambayo wewe unaijua vizuri kuliko mimi. Champion Hill ya zamani ilikuwa kubwa: mwaka 1933 watu zaidi ya 20,000 walijaa humo kutazama fainali ya lile Kombe la FA la ridhaa, na Olimpiki ya 1948 Korea Kusini waliwafunga Mexico 5 kwa 3 pale pale. Uwanja huo ulivunjwa, ukajengwa mdogo uliofunguliwa 1992. Kisha ardhi ikaangukia mikononi mwa watu waliotaka kujenga nyumba. Machi 2018 klabu ikafungiwa nje ya uwanja wake, na kukawa na barua ya wanasheria kuwaambia wasitumie hata jina lao wenyewe. Mashabiki wakaandamana, wanasiasa wakaingilia, na timu ikahamia kwa majirani zao Tooting & Mitcham. Huko ugenini, Mei mwaka huo huo, wakawatoa Hendon kwa penalti, wakapanda daraja. Desemba 2018 wakarudi nyumbani, na uwanja ulifurika. Miaka ya baadaye walishuka tena daraja, lakini uwanja wanao.

Uwanja wetu wa mtaani huko nyumbani ulipopimwa viwanja hakuna aliyeandamana, na timu ikafa nao. Nimekuwa nikilifikiria hilo sana. Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Zile picha za timu ulizoweka kwenye sanduku la bati, zitoe. Kaa na mzee mwenzako aliyekuwa golikipa, muandike nyuma ya kila picha jina la kila mchezaji, namba aliyocheza na mwaka. Hegazi namjua mimi leo kwa sababu kuna watu wa Dulwich walitunza magazeti na vipeperushi vya mechi. Nimempa mdogo wangu hela ya kupigisha nakala za picha hizo. Atakuja kwako Jumamosi. Asiondoke nazo, azinakili na kukurudishia.

Jezi ya pinki na bluu nimekununulia, saizi kubwa. Atakuletea jirani yetu anayekuja Desemba.

Nisalimie Bibi na wote wa hapo nyumbani.

Ni mimi mpwa wako,
London